Anayekana Mungu Anakana Nini?

 

Ndugu msomaji, usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, hapa Kitale, tulikuwa tumemaliza tarawehe na tumeketi mkekani tukinywa uji uliobaki wa futari. Walikuwepo watu wa kawaida wa saa hiyo: wazee wawili watatu, vijana wa umoja wetu, na watoto ambao mama zao walishawaita mara tatu na bado hawajainuka. Maongezi yakaangukia mambo ya chuo kikuu. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi likizo akasema, kwa sauti ya chini lakini ikasikika, kwamba yeye anafunga kwa ajili ya mama yake tu. Mungu mwenyewe, akasema, haamini tena kama yupo.

Mkeka mzima ukanyamaza. Kisha mzee mmoja, hodari wa maneno, akamwuliza: "Kijana wangu, kama Mungu hayupo, sasa wewe unakana nini? Kwani mtu hukana kitu kisichokuwepo?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kijana akatabasamu kidogo, akaweka kikombe chini, akaaga. Siku zilizobaki za mwezi hatukumwona tena.

Swali la mzee halijanitoka kichwani tangu usiku ule. Si swali la kijinga hata kidogo. Watu wenye elimu kubwa wameliuliza kabla yake: je, kukana Mungu kunaweza kusimama peke yake, au kunaishi mgongoni mwa dini kama kupe kwenye ng'ombe? Dini ikiondoka, mkanaji naye si ataondoka? Mimi si sheikh, ni mwalimu wa historia tu, na nitajibu kwa njia ninayoijua. Bahati nzuri hatuhitaji kwenda mbali ili kuanza. Ushahidi mzuri uko hapa hapa, kati ya Kitale na Bungoma.

Jina hutolewa na jirani

Tuanze na jina lenyewe. Wayunani wa kale walikuwa na neno atheos, yaani mtu asiye na Mungu. Unafikiri neno hilo lilitumika kwa nani? Mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), watu wa mji wa Athens walimhukumu kifo Socrates, na moja ya mashtaka ilikuwa kwamba hawatambui miungu ya mji. Miaka mia kadhaa baadaye Warumi waliwaita Wakristo jina hilo hilo, kwa sababu Wakristo hawakutoa sadaka kwa masanamu. Kiko kisa cha Polycarp, askofu mzee wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir huko Uturuki. Yapata mwaka 155 aliletwa uwanjani akaamrishwa aseme kwamba wasio na Mungu waondolewe. Mzee akawatazama watazamaji waliojaa uwanjani, akawapungia mkono wao, ndipo akayasema maneno aliyotakiwa kuyasema. Kila upande ulimwona mwenzake ndiye asiye na Mungu. Wakamwua.

Na sisi je? Waliomfuata Mtume (S.A.W.) kule Makka waliitwa na Maquraishi kwa jina la dharau, sabii, lenye maana ya mtu aliyeiacha dini ya baba zake. Kwa macho ya Abu Jahl, ndugu msomaji, wakanaji walikuwa wao. Na ukitazama vizuri, kalima yetu yenyewe huanza kwa kukana: kwanza ni "hapana", ndipo huja "ila". Mtu aliyesilimu Bungoma mwaka wowote ule alikana kitu kabla ya kukubali kitu.

Hata neno kafiri, tunalolirusha ovyo kama jiwe, asili yake katika Kiarabu ni kufunika. Katika Suratul Hadid aya ya 20 limetumika kwa wakulima, kwa sababu mkulima hufunika mbegu kwa udongo. Kwa maana hiyo ya lugha, Trans Nzoia yote mwezi wa nne imejaa makafiri wa mahindi! Natania, lakini si utani mtupu. Jina lenyewe linasema kuna kitu kimefunikwa. Huwezi kufunika pasipo kitu.

Basi kwa upande wa jina mzee wetu alikuwa sawa. Jina la mkanaji linatoka kwa anayeamini, na mara nyingi halisemi huyo mtu anaamini nini. Linasema tu kwamba haamini kama mimi. Lakini kuna tofauti kati ya jina na kitu. Na tofauti hiyo watu wa Bungoma waliilipia damu.

Malakisi, 1948

Vijana wengi wa leo wanamjua Elijah Masinde kwa utabiri unaotajwa kwenye matanga na kwenye siasa. Acha nimweleze kidogo, kwa sababu kisa chake kina somo la swali letu.

Mwaka 1902 vijana watatu wa Kimarekani wa dhehebu la Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, walifungua misheni Kaimosi. Kutoka hapo dhehebu lilipanda kaskazini hadi kwa Wabukusu, na Lugulu ikawa kituo kikubwa. Wakatoliki nao walikuwa Kibabii. Ardhi waliyoikuta haikuwa imesahau vita. Mwaka 1895, juu ya kilima cha Chetambe pale Webuye, Wabukusu walishindwa na jeshi lililoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley. Na tusijifiche: jeshini humo walikuwemo askari wa Kisudani, wazee wa Wanubi wa leo, na wengi wao walikuwa Waislamu. Tunaposimulia jinsi Uislamu ulivyoingia magharibi mwa Kenya tunapenda kutaja wafanyabiashara wa Kiswahili waliofika kwa Nabongo Mumia, lakini Chetambe tunairuka. Mbukusu wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuiruka.

Masinde alizaliwa upande wa Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1910. Alikuwa mwanasoka hodari, akaichezea timu ya Kenya dhidi ya Uganda. Alikuwa pia mtoto wa misheni, muumini wa Marafiki, mpaka alipooa mke wa pili na kanisa likamtenga. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia akaanzisha Dini ya Msambwa. Mwaka 1944 akagoma kung'oa magugu ambayo serikali iliamuru yang'olewe mashambani, pakazuka fujo na watu wa chifu, akafungwa. Kutoka jela akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Hebu fikiri: mtu anasema dini yenu siitaki, anapelekwa kwa daktari wa wazimu.

Alipotoka, Septemba mwaka ule ule, aliwakusanya watu kuwaombea na kuwachinjia sadaka wale waliokufa vita vya 1895. Februari 1948 mambo yakaharibika. Tarehe 10 umati ulikutana na polisi Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa, akahamishiwa Lamu, na hakurudi nyumbani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa, huyu alikuwa mkana Mungu? Kwa wamisheni alikuwa adui wa dini. Kwa walowezi wa hapa Kitale, ambao vibarua wao walikuwa wakijiunga naye usiku kwa usiku, alikuwa hatari kama moto kwenye ghala. Lakini ukiuliza alichokuwa akikisema, unakuta Mungu yuko kila mahali. Ni Wele, Mungu ambaye Wabukusu walimwomba kabla Mmarekani yeyote hajafika Kaimosi. Msambwa ni mizimu ya wazee waliotangulia. Alichokikana Masinde ni mambo mawili: kwamba Mungu alifika Bungoma na meli ya Wazungu, na kwamba kumwabudu ni lazima kupitie kwao.

Na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Tazama alikana kwa kutumia nini. Mlima Elgon waliuita Sayoni. Waliimba nyimbo zilizofanana na za kanisa. Walipokatazwa kuoa wake wengi na kuchinja sadaka, walijibu kwa Biblia: mbona Ibrahim alioa zaidi ya mmoja, mbona alichinja? Misheni ilimfundisha kusoma, na alichokisoma akakirudisha kama mkuki uliookotwa uwanjani. Bila Lugulu kusingekuwa na Masinde yule tunayemjua. Angekuwepo Mbukusu anayeomba Wele kama baba zake, hamkani mtu, hajui hata kwamba kuna cha kukana.

Kitu hicho hicho kilivuka mlima. Lukas Pkiech alikipeleka kwa Wapokot, akauawa na wafuasi wake wengi Kolloa mwezi wa Aprili 1950, katika mapigano yaliyomwua pia mkuu wa wilaya. Na msifikiri ni Wazungu tu waliomwogopa Masinde. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1968. Mzee mwenyewe alifariki 1987.

Nani aliwafinyanga?

Kama Masinde aliitwa mkanaji na hakuwa, je, wapo waliokuwa hawaamini na hakuna aliyewaita hivyo? Okot p'Bitek wa Uganda, mshairi na msomi aliyefundisha pia Nairobi, alilitafuta jibu la swali hili katika kitabu alichotoa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu wasomi wa Kizungu na dini za Kiafrika. Anasimulia mapadri wa Kiitaliano waliowakusanya wazee wa Kiacholi mwaka 1911 wakataka kujua nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kutoka patupu, kwa hiyo swali likatoka hivi: nani aliwafinyanga, kama mtu anavyofinyanga chungu? Wazee wakashangaa. Wao walizaliwa na mama zao, hakuna aliyewafinyanga! Waliposhikiliwa sana, mmoja akakumbuka kwamba kuna mtu hupata ugonjwa wa mgongo, uti ukapinda akawa na kibyongo, na watu husema huyo amefinyangwa na Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakaandika. Na tangu hapo jina la pepo wa kuvunja migongo likawa jina la Mungu Muumba kwa Waacholi Wakristo.

Tunaweza kumpinga Okot. Alikuwa mtu wa kupenda ubishi, na John Mbiti wa kwetu Kenya, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupindukia, hakukubaliana naye. Mimi mwenyewe siamini kwamba kila mahali palikuwa kama Acholi. Hapa Bungoma Wele alijulikana kama mwenye kutoa, tena akiwa na mpinzani wake mbaya. Na watu wa pwani waliposilimu hawakuhitaji kulitupa neno Mungu, neno la Kibantu lililokuwa midomoni mwa watu huku na huku Afrika Mashariki. Lakini kisa cha wale wazee kinabaki na uzito. Walisema hapana. Je, walikana? Hawakukana. Swali lilikuwa halijawafikia bado.

Kwa hiyo kuna hali mbili ambazo mzee wetu wa mkekani alizichanganya. Kuna kutokuwa na habari, na kuna kukana. La kwanza halihitaji dini yoyote ili liwepo. Mtoto mchanga analo. La pili haliwezekani bila mtu kuwa ameambiwa kwanza. Qur'ani nayo inawataja watu wa namna mbalimbali: wako walioghafilika, na wako wale wanaotajwa katika Suratul Jathiya aya ya 24, waliosema hakuna ila uhai huu wa dunia na kwamba kinachowaangamiza ni wakati tu, yaani dahari. Wanazuoni waliwaita watu wa msimamo huo Dahriya. Ndiyo dahari hiyo hiyo tunayoitaja tukisema daima dahari. Wale walikuwa wakijibu. Walikuwa wameshasikia habari ya kufufuliwa, ndipo wakasema hapana.

Vitabu vilivyookolewa na wapinzani

Katika historia yetu ya Kiislamu kuna mtu anayeonyesha jambo hili kuliko wote. Aliitwa Ibn al-Rawandi, wa karne ya tisa. Alianza kama mwanazuoni wa Muutazila, watu wa hoja na mantiki, huko Baghdad. Kisha akageuka, akaandika kuwafedhehesha walimu wake, na mwishowe vikahesabiwa kwake vitabu vinavyoukebehi utume wenyewe. Vitabu vyake vimepotea. Sasa tunavijuaje? Tunavijua kwa sababu waliomjibu walimnukuu! Al-Khayyat, Mmuutazila mwenzake wa zamani, aliandika kitabu kizima kumrudi, kipande kwa kipande, na ndani yake maneno ya Ibn al-Rawandi yamekaa salama kama dagaa kwenye chumvi. Kingine kilihifadhiwa na mlinganiaji wa Kiismaili, al-Muayyad fid-Din, alipokuwa akikikosoa. Mkanaji mkubwa kuliko wote wa zama hizo anaishi leo ndani ya vitabu vya waumini tu.

Hapa mzee wetu angesema: umeona? Lakini ngoja, mzee wangu. Kisa hiki kinasema jambo lingine pia. Wale wanazuoni walimnukuu neno kwa neno, tena maneno ya kuumiza, halafu wakajibu. Hawakumcheka akaondoka. Na hakuna anayemkumbuka Imamu Ghazali kama mtu dhaifu wa imani, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba katika ujana wake alipita karibu miezi miwili ya shaka kubwa, haamini hata macho yake, mpaka Mwenyezi Mungu akamtoa humo kwa nuru aliyomtia moyoni. Ghazali alifariki mwaka 1111. Kijana wetu likizo yake ilikuwa ya wiki tatu.

James

Turudi Kenya. Machi 1970 kanisa la Presbyterian lilimwalika mwandishi kijana azungumze kwenye mkutano wake mkuu. Akaanza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, na wala si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja akasimama akitetemeka kwa hasira, akamwambia hata akisema hivyo, jina lake bado ni la Kikristo: James. Mwandishi yule alikuwa James Ngugi. Hilo lilimchoma, na baadaye akaliacha jina la James. Tukamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o mpaka alipofariki Mei 2025. Ngũgĩ alikuwa amekulia kwenye imani hiyo, na alipokuwa Alliance alikuwa Mkristo wa kweli kweli. Ukisoma vitabu vyake unakutana na Biblia kila baada ya kurasa chache. Alitoka nyumbani, lakini alitoka na vyombo vya nyumbani.

Dola nzima nazo zimejaribu. Urusi ya Wakomunisti ilikuwa na chama cha kupiga vita dini tangu 1925, chenye magazeti na wanachama wengi. Mwaka 1932 kanisa kubwa la Kazan, Leningrad, lilifanywa jumba la makumbusho la dini na la kuikana dini. Albania, nchi yenye Waislamu wengi, ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967, na kiongozi aliyefanya hivyo, Enver Hoxha, mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Kufunga Ramadhani likawa jambo la kujificha. Novemba 1990 watu walijaa tena kwenye Ijumaa ya hadharani katika mji wa Shkodër, miaka 23 baadaye. Serikali hizo zilihitaji dini iwepo ili ziwe na kazi ya kufanya. Lakini pia zilizaa watoto ambao hawakukana chochote, walikua tu bila kuambiwa. Hao wa pili ndio ambao hoja ya mzee haiwagusi.

Na hapa kwetu, Februari 2016, chama cha wakana Mungu wa Kenya kilisajiliwa chini ya sheria ile ile ya vyama inayosajili makanisa na jumuiya zetu. Miezi miwili baadaye usajili ukasimamishwa baada ya viongozi wa dini kulalamika, wao wakaenda mahakamani. Kipengele walichokitegemea ni cha 32 cha Katiba ya 2010, uhuru wa dhamiri, dini, itikadi na maoni. Ni kipengele hicho hicho ambacho Waislamu wa nchi hii wamekitegemea mtoto wa kike alipokatazwa hijabu shuleni. Wakana Mungu hao wakaomba pia siku yao ya mapumziko ya kitaifa, kama sisi tulivyo na Idd. Mei 2021 katibu wao akajiuzulu akisema amempata Yesu, na chama kikamtakia heri na kutangaza kwamba nafasi iko wazi. Mwenyekiti, katibu, sikukuu, na mtu anayeritadi! Sisemi kwa kejeli. Mtu akitoka kwenye nyumba ya udongo na kujenga yake, kwa kawaida ataijenga kwa udongo.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 katika safu ya wasio na dini na wakana Mungu. Waislamu walikuwa 5,152,194. Kumi kabla yake, 2009, wasio na dini walikuwa 922,128. Lakini safu hiyo moja imewabeba watu ambao hawafanani kamwe: mchungaji wa mifugo ambaye hakuna aliyewahi kumpelekea habari, mtu mvivu wa kujibu maswali, wakili wa Nairobi aliyesoma na kuamua. Na labda kijana wetu.

Basi je, kukana Mungu kunategemea dini? Kwa sehemu kubwa naona ndiyo, na tena kunategemea dini fulani, iliyofundishwa na watu fulani. Masinde alimkana Mungu wa Lugulu, Ngũgĩ wa kanisa lake, Ibn al-Rawandi aliwakana walimu wa Baghdad. Lakini, vijana wenzangu, msilibebe jibu hili kama rungu. Halithibitishi kwamba Mungu yupo. Mtu anaweza kukana kwamba kuna dhahabu chini ya shamba lake, na kukana kwake hakuiweki dhahabu pale. Dalili za kuwepo kwa Mwenyezi Mungu ziko mahali pengine, na masheikh wetu wanazijua. Swali la "unakana nini" lina faida moja tu, nayo ni kubwa: ukiliuliza kwa dhati, halafu ukanyamaza usubiri jibu.

Mimi nililiuliza. Nilichelewa, ilikuwa baada ya Idd, tukiwa stendi anangoja matatu ya Eldoret. Nikamwambia: "Mwanangu, ile siku mzee alikuuliza unakana nini, na hatukukungoja ujibu. Unakana nini?"

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi si nilizaliwa kule juu Cheptais."

Nikaelewa nusu kabla hajaendelea. Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, ulikuwa na vita vya ardhi. Wapiganaji waliojiita wakombozi wa ardhi ya Wasabaot upande mmoja, na tangu Machi 2008 wanajeshi wa serikali upande mwingine. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa na hawajaonekana. Familia yake ilikimbilia Kitale akiwa mdogo wa darasa la kwanza. Baba alibaki nyuma kuangalia ng'ombe. Hakurudi.

"Mama aliambiwa msikitini, omba, atarudi," akasema. "Wengine wakamwambia, hajarudi kwa sababu dua zako zina upungufu. Ameomba miaka yote hii, Mwalimu. Kila Ramadhani, kumi la mwisho, halali. Huyo Mungu anayengoja mama aombe vizuri zaidi, ndiye nimemkana."

Nilitaka kumjibu, nina majibu mengi. Nilichomwambia ni kwamba huyo hata mimi simwamini, na kwamba aliyemwambia mama yake maneno yale hakuyapata kwa Mtume (S.A.W.), ambaye alimzika mwanawe Ibrahim, akalia, na hakuna aliyesema dua zake zilipungua. Akanitazama kama mtu anayepima uzito wa kitu. Matatu ikajaa, utingo akapiga bati, akapanda.

Makala hii nimeiandika kwa mkono kwanza, nikampa mama yake nakala. Kijana bado yuko chuoni. Mama amesema ataituma na gari la Ijumaa, pamoja na tende na sukari ya mwezi.